Mwalimu wa Marehemu na Maneno ya Mlangoni

Mwenye duka la mikate ndiye aliyempa jina la Mwalimu wa Marehemu, na jina likamganda. Asubuhi moja alimuuliza anafundisha nini hasa pale chuoni, naye akajibu bila kuficha kwamba anafundisha Kilatini, Kioska na Kiumbria.

"Vinasemwa wapi hivyo?"

"Havisemwi tena."

"Na wenyewe?"

"Walishakufa wote, zamani sana."

Mwenye duka akamkabidhi mkate kwa mikono miwili, kama mtu anayempa pole mfiwa, na kabla ya wiki kwisha mtaa mzima ulikuwa unamwita hivyo. Yeye hakukasirika. Alikuwa mtu mrefu, mwenye miwani inayoteleza puani na mifuko ya shati iliyochafuliwa na wino, na alikuwa amezoea kuchekwa tangu utotoni, maana alizaliwa katikati ya wanawake wawili wenye ndimi kali: dada mkubwa, fundi cherehani, na mdogo wake wa mwisho, muuguzi, ambaye nyumbani walimwita Kitinda.

Chuoni chumba chake kilibanwa kati ya stoo ya viti vibovu na pampu ya maji. Pampu ikinguruma, alinyamaza hata kama yuko katikati ya sentensi, akasubiri imalize, kisha akaendelea palepale alipoachia. Wanafunzi wake walikuwa wachache kiasi kwamba mmoja akishikwa na mafua, kipindi kiliahirishwa. Lakini waliokuwepo walimpenda, kwa sababu aliwasimulia mambo ya lugha kana kwamba anasengenya majirani.

Aliwaambia hivi. Hapo kale, katika nchi inayoitwa Italia leo, kulikuwa na lugha moja ambayo haikuandika hata mstari mmoja. Huyo ndiye mama. Akafa, akaacha mabinti. Kilatini ndiye aliyebahatika: aliolewa vizuri, akasafiri, akaandika mpaka maktaba zikajaa, na hata leo ukimpa nafasi hanyamazi. Kioska alibaki kuchonga maneno yake kwenye mawe na kuyakwaruza kwenye vyungu. Kiumbria, mcha Mungu, aliacha mabamba machache ya shaba, na karibu yote yanaeleza namna ya kuchinja wanyama wa sadaka. Kazi ya Mwalimu ilikuwa kuwahoji mabinti hawa ili kujua mama yao alikuwa anasemaje, hasa vitenzi vyake, kwa maana jina linaweza kuazimwa na yeyote, lakini kitenzi ndicho kinachoonyesha mtu amelelewa wapi.

"Tumuulize kila mmoja," angesema, akisugua chaki mikononi. "Mama alisemaje 'alitoa'? Kilatini anasema *dedit*. Kioska anasema *deded*. Kiumbria anasema *dede*. Hawa hawajakutana kula njama. Basi tunajua mama alisema kitu cha namna hiyo."

Kisha angeliandika neno la mama ubaoni na kuweka kinyota mbele yake. Kinyota kilikuwa na maana moja tu: neno hili hakuna aliyelisikia, hakuna aliyelisoma, tumeliunga wenyewe kwa vipande. Bila kinyota hicho, alisema, mtu wa kazi hii anakuwa mwongo aliyesoma.

Na kazi ilikuwa na masharti. Shahidi huulizwa peke yake, tena huulizwa lililo lake tu, asipewe nafasi ya kusema la mwenzake. Na mashahidi wawili wanaoishi nyumba moja huhesabiwa kuwa mmoja, kwa sababu watu wa nyumba moja huazimana maneno kama wanavyoazimana chumvi.

Kulikuwa na mwiba mmoja tu uliomkaa kooni. Vitenzi vya zamani kama 'alitoa' havikumsumbua. Vilivyomsumbua ni vile vingi vilivyobaki, na namna mabinti walivyovisema jambo likishatimia. Afisa wa Kirumi akiridhika na ukuta uliojengwa, jiwe linasema *probavit*, aliuidhinisha. Mwenzake wa Kioska akiridhika na ukuta wake, jiwe linasema *prufatted*. Kitenzi kilekile, lakini mkia wa mmoja una v na wa mwingine una tt. Ukienda kwa Kiumbria, unakuta ametia l, kana kwamba anafanya makusudi. Mwalimu alikuwa ametafuta chimbuko moja la mikia hiyo mitatu tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na makala yake juu ya jambo hilo ilikuwa imekaa mezani mpaka karatasi za juu zikabadilika rangi.

"Labda mama yao hakuwa nao mkia wowote," Mwalimu wa Historia, waliyekuwa wakichangia naye chumba, alimwambia siku moja.

"Haiwezekani. Mama gani hana neno la jambo lililokwisha?"

"Mimi wangu hakuwa nalo. Kila nilichofanya kilikuwa hakijaisha."

Mwalimu alicheka, lakini hakukubali.

Mambo yalikuwa hivyo wakati Dada alipopiga simu. Mama yao, yule wa kweli, aliyewazaa, alikuwa amefariki mwaka uliopita, na jiwe la kaburi lilikuwa tayari kwa fundi: limekatwa, limesuguliwa, jina limeshachorwa kwa penseli. Chini ya jina palibaki nafasi ya mstari mmoja, na fundi alitaka kujua aweke nini.

"Tuweke yale maneno yake ya mlangoni," alisema Dada. "Nani asiyeyajua?"

Kweli, nani? Mama alikuwa mtu wa maneno machache. Hakuwa mtu wa kukumbatia wala kulialia. Mtoto akiondoka nyumbani kwenda mbali, mama alisimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi, akasema sentensi yake moja, kisha akarudi ndani kabla mtoto hajafika barabarani. Mwalimu aliijua sentensi hiyo kama anavyolijua jina lake. Alipoondoka kijana kwenda kusoma nchi ya mbali, mama alimwambia: "Nenda, ukichoka rudi."

Maneno hayo ndiyo yaliyomsomesha. Kule ugenini, katika chumba ambacho dirisha lake lilitazama ukuta, alianguka mtihani wa kwanza na wa pili, akafungasha sanduku, akalikalia. Kisha akakumbuka kwamba anaruhusiwa kurudi. Na kwa kuwa aliruhusiwa, akajikuta hana haraka. Alifungua sanduku, akarudi kwenye vitabu. Miaka yote aliyokaa huko alikaa hivyo, kama mtu aliyekaa karibu na mlango usiofungwa.

"Sawa," alimwambia Dada. "Mwambie fundi aandike: Nenda, ukichoka rudi."

Upande wa pili wa simu cherehani ilinyamaza.

"Nini?" alisema Dada. "Ndugu yangu, Mama hakusema hivyo."

Hapo ndipo tabia ya kazi ilipomshika. Mtu mwingine angepandisha sauti. Yeye alichukua kadi, akavaa viatu, akaenda kuhoji mashahidi.

Dada alikuwa na chumba cha ushonaji mbele ya nyumba ya familia, na Kitinda aliishi naye humo humo, chumba cha nyuma. Mwalimu aliagiza kwamba mmoja atoke.

"Nitoke kwangu?" aliuliza Dada, pini zikiwa mdomoni.

"Kwa dakika tu. Msiharibiane ushahidi."

"Huyu amesoma mpaka akapitiliza," Dada alimwambia mteja aliyekuwa anapimwa kiuno, lakini akatoka.

Kitinda alisema, bila kusita, kwamba Mama alimwambia: "Nenda, ila usilale kwa watu."

"Na lako wewe, siku ile mimi nili—"

"Basi," alisema Mwalimu, akiandika. "Lako tu. La mwingine sitaki."

Akaingia Dada. Yeye Mama alimwambia: "Nenda, ila usilale njaa."

"Lakini wewe siku ile ulipoondoka—"

"Dada, nimekuuliza alikuambia nini wewe. Hilo tu ndilo linaloandikwa."

"Makubwa," alisema Dada, akachomeka pini kwenye mto wake kana kwamba mto ndio uliomkosea.

Alirudi nyumbani na kadi tatu na moyo mzito. Wawili walisema 'usilale'. Mmoja, yeye, alisema 'rudi'. Kwa hesabu ya juujuu alikuwa ameshindwa: 'usilale' ndilo la mama, na 'rudi' amelileta yeye, kutoka sijui wapi. Lakini hakuwa mtu wa hesabu za juujuu. Dada na Kitinda wanakaa nyumba moja, basi ni shahidi mmoja. Mmoja kwa mmoja, wamelingana. Akapata pumzi.

Na alipopata pumzi akapata wazo, na wazo lilikuwa zuri kiasi kwamba alisimama jikoni akiwa amesahau kijiko kwenye chai. Kwa nini mmoja ashinde? Huenda Mama alikuwa na sentensi nzima, na kila mtoto akabaki na kipande chake, kama mabinti wanavyogawana vyombo vya marehemu. Alikaa, akaunga, akapima, akatoa hapa akaongeza pale, mpaka likatoka umbo lililoeleza vipande vyote vitatu bila kubakiza kitu. Akaweka kinyota mbele, kwa uaminifu, akaenda nalo kwa dada zake akitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Dada alivaa miwani ya kushonea, akasoma kwa sauti.

"'Nenda, ila usilale njaa wala usilale kwa watu, nawe ukichoka rudi.'" Akainua macho. "Nani amesema haya?"

"Mama."

"Mama yupi?"

Kitinda alikuwa amekaa juu ya meza ya kukatia, sare ya kazini bado mwilini. Alianza kucheka taratibu, kisha akashika ubavu. "Kaka, Mama na maneno yote hayo kwa mkupuo mmoja? Angekaa chini apumzike katikati."

"Hii si Mama," alisema Dada. "Hii ni hotuba ya mgeni rasmi."

"Lakini inaeleza kila kitu," alisema Mwalimu. "Kila mmoja wenu anapata chake humo."

"Ndiyo. Na hakuna hata mmoja anayemkuta Mama. Na hiki kidudu hapa mbele ni nini?"

"Ni nyota. Ina maana neno halikusikiwa na mtu."

"Halafu unataka lichongwe kwenye jiwe."

Alijaribu kujitetea, akaona anazama. Kwa kweli alikuwa amewafanyia wanafunzi wake mzaha huohuo mara nyingi: kwamba ukiunga kila kipande unachokikuta unapata mnyama mwenye pembe, mapezi na mkonga, na utakuwa hodari kuliko Mungu. Lakini hakuwa na mama wa kuchongewa jiwe siku hizo, na mzaha ulikuwa wa wengine.

Akabakiwa na shahidi mmoja aliyeishi mbali na nyumba ile: mama mdogo, mdogo wake marehemu, mwanamke aliyekuwa mzito wa masikio kwa lile asilotaka kusikia tu. Mwalimu alimpigia simu kutoka chuoni.

"Mama mdogo, ulipoondoka kwa dada yako kwenda kuolewa, alikuambia nini mlangoni?"

"Alisema nenda, funga mlango, vumbi linaingia."

"Hilo tu?"

"Ulitaka aniimbie? Vumbi lilikuwa linaingia kweli."

Mama mdogo alikata, na Mwalimu akaandika kadi ya nne, simu bado mkononi. Pampu ilikuwa inanguruma ukutani. Mwalimu wa Historia alimtazama, akaona afadhali asahihishe mitihani.

Kadi nne zilikuwa mezani, juu ya makala ile ya zamani. Zote zilianza na 'Nenda'. Baada ya hapo kila mmoja alishika njia yake: usilale njaa, usilale kwa watu, ukichoka rudi, funga mlango. Na chini ya kadi, kwenye karatasi iliyobadilika rangi, kulikuwa na mikia yake mitatu, v na tt na l, ambayo alikuwa ameilazimisha miaka yote itoke tumbo moja. Aliitazama karatasi, akazitazama kadi. Kisha akasema, pampu ilipokoma, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga maji ya baridi:

"Hakuwa nao."

"Nani hakuwa na nini?" aliuliza Mwalimu wa Historia.

"Mama. Mkia. Aliwapa vitenzi tu, wakaondoka navyo. Kila binti alipofika kwake akahitaji kusema jambo limekwisha, akajitengenezea la kusemea kwa alichokuwa nacho ndani ya nyumba."

"Nilikuambia hivyo zamani."

"Ulisema kwa mzaha."

"Nilikuwa sahihi kwa mzaha."

Ilipaswa kuwa siku njema. Makala iliyokuwa imekwama ilianza kutembea, na kwa mara ya kwanza ilikuwa inatembea bila kusukumwa. Lakini Mwalimu hakuweza kufurahi, kwa sababu aliuelewa upande wa pili wa jambo hilo. Kama Kioska alijitengenezea tt yake, basi na yeye huenda alijitengenezea 'rudi' yake. Huko ugenini, juu ya sanduku, kijana mwenye hofu alihitaji neno la kushikilia, na huenda alilishona mwenyewe nyuma ya 'Nenda', kisha akalivika sauti ya mama yake. Kwa kanuni zake mwenyewe, alizowafundisha watoto wa watu, la Mama lililothibitika ni 'Nenda' tu. Lingine lote ni la kila mtu kivyake. Alijiona kama mtu aliyeambiwa kwamba mlango aliokuwa amekaa karibu nao miaka yote ulikuwa umechorwa ukutani.

Siku ya miadi alikwenda kwa fundi wa mawe na uamuzi wa mtu anayejisalimisha. Kiwanda chenyewe kilikuwa ua mdogo nyuma ya gereji, kila kitu mle kimefunikwa unga mweupe, na fundi naye mpaka kope. Jiwe la Mama lilikuwa limelazwa juu ya magogo mawili. Dada alikuwa ameshafika, amejifunga khanga juu ya gauni ili lisichafuke, na Kitinda amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Aandike 'Nenda'," alisema Mwalimu. "Hilo ndilo sote tunalo. Lingine hatuwezi kulithibitisha."

Fundi alishusha nyundo. "Nenda. Tu?"

"Tu."

"Mzee, nisamehe. Watu wanakuja kumzuru marehemu, wanainama wasome, jiwe linawafukuza?"

Kitinda aliziba mdomo kwa kiganja. Hata Dada midomo ilimcheza, lakini aliendelea kumtazama ndugu yake, na kadiri alivyomtazama uso ulimbadilika.

"Kwani lako umelitupa wapi?" aliuliza.

"Lipi?"

"La kuchoka na kurudi."

"Dada, si wewe uliyesema Mama hakusema hivyo?"

"Nilisema hivyo kwenye simu. Nilikuwa nimesahau, nikiwaza langu, na wewe ulianza kwa kuamuru. Halafu ulipokuja na kadi zako nikakumbuka, nikafungua mdomo nikuambie, ukanikata. Lako tu, ukasema. La mwingine haliandikwi."

Mwalimu alivua miwani. Bila miwani alionekana mdogo.

"Ulilisikia?"

"Nilikuwa nyuma yake, nakunja nguo. Alikuambia, 'Nenda, ukichoka rudi.' Wewe ukaenda zako na sanduku linalogonga goti. Yeye akarudi ndani akaifuta sahani iliyokuwa kavu, akaifuta, akaifuta, mpaka nikamnyang'anya." Dada alikaza fundo la khanga ambalo halikuwa limelegea. "Nilikuonea wivu, kama unataka kujua. Mimi hakuniambia nirudi. Alijua sitafika mbali."

"Na mimi nilikuwa dirishani," alisema Kitinda. "Nilikuwa mdogo, lakini hilo nalikumbuka. Nilitaka kukuambia siku ileile. Ukaniambia basi."

Mwalimu wa Marehemu, aliyekuwa amehoji mawe, vyungu na mabamba ya shaba, ambavyo haviwezi kusema zaidi ya kilichoandikwa juu yake, alikuwa amewahoji dada zake namna hiyohiyo. Alifungua mdomo aseme hivyo, kisha akaona hakuna haja. Aliivaa miwani. Ilikuwa na unga, akaivua tena.

"Basi tuandike yote matatu," alisema baadaye kidogo. "Kila mmoja lake. Ndiyo haki."

"Haki ya nani?" alisema Dada upesi. "La kwangu niachie mwenyewe. Mama aliniambia nisilale njaa kwa kuwa nilikuwa naona aibu kuomba chakula kwa watu. Unataka kila apitaye makaburini alijue hilo?"

"Na langu mimi wakilisoma," alisema Kitinda, "wataniuliza nililala kwa nani."

"Kwani ulilala kwa nani?"

"Dada, tuko kwa fundi."

Fundi alikohoa ndani ya unga wake. "Kwa hiyo naandika lipi?"

"La huyu," alisema Dada, akimwelekeza ndugu yake kwa kidevu. "Halina aibu ndani yake. Na anayekuja kuzuru akiambiwa aende, aambiwe na kurudi."

Mwalimu alitaka kuwauliza kama wana hakika, kama hawafanyi hivyo kwa kumwonea huruma. Dada aliliona swali likija, akamkata jicho, naye Mwalimu akalimeza.

Fundi akapiga mstari wa penseli chini ya jina, akaandika herufi polepole, akaziacha wazisome mmoja mmoja. Walipoitikia kwa vichwa alichagua patasi, akaipima kwa kidole gumba, akapiga. Kipande chembamba kiliruka. Mwalimu alisogea karibu mpaka unga ukamjaa kwenye mifuko ya shati. Alikuwa amesoma maandishi ya mawe maisha yake yote, mengine yaliyolika hadi yakabaki kama mikunjo ya mkono, na hakuwahi hata siku moja kuona jiwe likiandikwa.

"Na ukikosea?" aliuliza.

"Nikikosea wapi?"

"Herufi. Mkono ukiteleza, ukaweka nyingine."

Fundi alipuliza unga kutoka kwenye mguu wa kwanza wa N, akautazama, akaridhika nao.

"Watakuja watu kama wewe," alisema, "wapate kazi."